Shikamoo Mahakamani

Mimi ni fundi wa vigae. Nikiingia kwenye jengo lolote, cha kwanza ninachotazama ni sakafu, cha pili ni kona, na watu nawafikia mwisho. Mke wangu anasema huu ni ugonjwa. Pengine ni kweli, maana siku niliyoingia kwa mara ya kwanza katika jumba la mahakama la Kungsholmen, hapa Stockholm, nilikuwa nimekwenda kuapa mbele ya jaji, na bado nilisimama mlangoni nikikodolea macho mawe ya sakafu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Sikuwa nimepotea. Nilikuwa nimechaguliwa. Mama mmoja wa Farsta, mtaa tunaokaa, mwenyekiti wa tawi la chama chetu cha siasa, nilimtengenezea bafu. Alipoona kazi imekaa sawasawa, akaniambia kwamba mtu mwenye mkono mtulivu namna ile anafaa kukaa mahakamani. Nikacheka, nikadhani ananitania. Kumbe mwenzangu hatanii. Miezi ikapita, nikaletewa barua.

Nieleze kidogo, maana hata ndugu zangu wa Tanga nikiwapigia simu hawanielewi. Katika nchi hii, kwenye kesi za kawaida za jinai, jaji haketi peke yake. Ubavuni mwake wanakaa raia watatu wa kawaida, waliopendekezwa na vyama: mwalimu, muuza maua, fundi vigae. Kwetu tungewaita wazee wa baraza. Ila mzee wa baraza wa kwetu alikuwa anatoa maoni, na jaji akitaka anayaweka kando. Huku kura yako ni kura, sawa na ya jaji. Zinakuwa kura nne. Na zikigawanyika mbili kwa mbili, basi upande wa mshtakiwa ndio unaoshinda. Siku tulipofundishwa hilo nililipenda kuliko yote. Lishike hapo, tutalirudia.

Mke wangu akaanza kuniita mheshimiwa. Mheshimiwa, takataka zimejaa. Mheshimiwa, soksi zako ziko sebuleni. Watoto nao wakadakia, kwa Kiswidi chao. Nilijifanya nimekasirika, lakini wallahi nilikuwa najisikia. Miaka kumi na tisa nimepiga magoti kwenye mabafu ya watu wa mji huu, na sasa nilikuwa nakaa kwenye kiti cha mgongo mrefu na watu wazima wenye suti wanainuka ninapoingia.

Na jumba lenyewe, jamani. Sijui nilipende au nilichukie. Lina miaka mia na kitu, lakini lilijengwa lionekane la miaka mia nne. Msanifu wake alikwenda kutazama ngome za wafalme wa kale wa nchi hii, akarudi na kuta nene, madirisha madogo yaliyozama ndani ya ukuta, na mnara mmoja mnene katikati wenye kofia ya shaba iliyoota ukijani. Mwanzoni liliniudhi. Fundi yeyote anajua kwamba miaka mia iliyopita chuma na saruji vilikuwepo, hakuna aliyehitaji ukuta wa unene ule kuzuia paa lisianguke. Ukuta ule ulijengwa kwa ajili ya mtu anayeingia. Unamwambia, haya, karibu, kutoka ni tukitaka sisi.

Nilisoma pia kwamba awali mji ulitaka jumba moja tu, la madiwani na la mahakama pamoja. Baadaye wakagawana. Madiwani wakapata lao kule majini, lile ambalo kila mgeni analipiga picha. Mahakama ikapewa hili la huku juu, na huku sijamwona mgeni akipiga picha, labda waandishi wa habari siku ya kesi kubwa.

Hata hivyo, ufundi ni ufundi. Siku za zamu yangu nilikuwa napanda treni ya kijani kutoka Farsta, nabadilisha ya bluu, nashuka kituo kimoja mbele, kwenye stesheni iliyochimbwa ndani ya mwamba na kuachwa vivyo hivyo, nyekundu iliyokolea, kama pango. Nilikuwa nafika saa nzima kabla ya muda. Nilipitisha kiganja kwenye kuta, nikatazama matao ya dari, nikafuatilia mawe yaliyochongwa kuzunguka milango. Nilitafuta kosa. Sisi mafundi ndivyo tulivyo, hatuwezi kulala mpaka tumemkamata mwenzetu. Nilikuja kulipata moja tu: kwenye ngazi nyembamba ya nyuma, ile wanayopita majaji na wazee wa baraza ili wasikutane na watu, kuna jiwe moja la sakafu lililolazwa kinyume, mistari yake inakwenda kushoto na ya wenzake inakwenda mbele. Zaidi ya miaka mia na hakuna aliyelirekebisha. Nilifurahi siku nzima.

Kuna njia nyingine ambayo umma hauioni. Jela ya mahabusu iko jirani tu, na kutoka huko wanawaleta washtakiwa kwa chini, ndani ya njia iliyochimbwa ardhini, mpaka ndani ya jumba. Waswidi wenyewe wana jina lake, njia ya kushusha pumzi. Mtu anatoka kwenye selo anaingia chini, anaibukia mbele ya jaji, na akimaliza anarudishwa huko huko bila kuona mbingu. Mzee mwenzangu wa baraza, dereva wa basi mstaafu mwenye masharubu, ndiye aliyenieleza. Alisema ananielezea ili nisishangae jinsi washtakiwa wanavyopepesa macho wakiingia. Nilishangaa hivyo hivyo.

Basi, siku yenyewe. Ilikuwa Ramadhani, inakaribia kumalizika, nimefunga, nimevaa suti yangu ya harusi. Kesi ilikuwa ya kijana wa miaka ishirini anayeshtakiwa kumnyang'anya mtu simu kwa vitisho karibu na daraja moja mjini. Yeye anakana. Alikuwa amekaa mahabusu miezi miwili, na kwa amri ya mwendesha mashtaka hakuruhusiwa kuonana wala kuzungumza na mtu yeyote wa nje, hata mama yake. Hayo niliyajua kutoka kwenye makaratasi. Jina lake nililisoma na halikuniambia kitu. Tulikuwa tumekwisha kaa mezani kwetu juu, jaji katikati, mama mpole mwenye miwani, mimi pembeni kushoto. Kesi ilikuwa haijafunguliwa.

Walinzi wakamwingiza kijana kwa mlango wa pembeni. Akapepesa macho. Wakati huo huo mlango wa umma, nyuma ya ukumbi, ukafunguliwa, akaingia mama mmoja wa miaka sitini na kitu, koti zito la baridi, mtandio kichwani, mkononi mfuko wa plastiki. Akamwona mwanawe. Hakulia. Alisema kwa sauti ya mtu aliye jikoni kwake:

"Umekula daku, mwanangu?"

Kwa Kiswahili! Kijana akainamisha kichwa, akajibu kwa Kiswidi kwamba ndiyo, mama, nyamaza. Yule mama akageuka kutafuta pa kukaa, akainua uso, macho yake yakagongana na yangu. Mwafrika mwenzake, juu kule, kwenye kiti cha mgongo mrefu. Akasimama, akanitazama, na akangoja.

Na mimi nikanyanyuka kidogo kwenye kiti, nikainamisha kichwa, nikasema:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo."

Ndiyo yote. Sekunde tano. Naapa sikuamua. Nilipokuwa na miaka saba bibi yangu alinirudisha mtaa mzima, yeye na mafuta ya taa mkononi, kwa sababu nilimpita jirani bila kumwamkia. Tangu hapo mdomo wangu unamwamkia mtu mzima kabla sijajua kama nimemwona. Nimewaamkia wazee kwenye treni, hospitalini, kwenye foleni ya mikate. Kwa Mswahili hilo si jambo la kufikiria. Kutomwamkia ndiko kungekuwa jambo.

Jaji alinigeukia taratibu.

"Mnajuana?"

"Hapana," nikasema. "Simjui kabisa. Sijawahi kumwona."

"Lakini umesimama. Mmezungumza."

"Nimemsalimu tu. Ni mtu mzima. Kwetu mtu mzima lazima umwamkie."

"Lazima," akarudia mwendesha mashtaka, na akaandika. Alikuwa kijana mwenye tai nyembamba. Wala hakuwa mbaya, alikuwa anafanya kazi yake. Akaomba ruhusa aulize swali moja. "Kama ni lazima umheshimu, je, angekuja mbele yako kukuombea mwanawe, ungeweza kumkatalia?"

Nilipaswa kusema ndiyo, ningeweza. Mtu yeyote mwenye akili angesema ndiyo. Lakini nilikuwa nimefunga, nimeapa, na ninapenda kazi yangu iwe imenyooka. Nikafikiria. Nilifikiria muda mrefu kupita kiasi, nikauona uso wa jaji ukibadilika kabla sijafungua mdomo.

"Ingekuwa vigumu," nikasema.

Mtume! Ningeweza kujiuma ulimi. Wakili wa kijana alifumba macho. Jaji akatangaza mapumziko mafupi, akaniita kando, akaniambia kwa upole, ule upole wao wa kukumaliza, kwamba hanishuku hata kidogo. Ila haitoshi mahakama kutopendelea, lazima pia ionekane haipendelei, na watu wote waliomo ukumbini wameona nilivyonyanyuka. Nisikae kesi hii. Heri angenifokea. Ukifokewa unapata pa kujibia.

Nilikuwa najua maana yake nini. Kama kesi ingekuwa imefunguliwa, wangeweza kuendelea na wazee wawili. Ilikuwa haijafunguliwa. Ilibidi apatikane mzee mwingine mara moja, na hakupatikana. Wote walikuwa kwenye kumbi nyingine au hawapokei simu. Wakaahirisha wiki mbili. Kijana arudi mahabusu. Idi ilikuwa wiki inayofuata.

Nilitoka kwa mlango wetu wa nyuma ili nisiwaone watu. Mlango ukajifunga. Nikashuka ile ngazi nyembamba mpaka mlango wa chini, nikatia mkono mfukoni kutafuta kadi ya kufungulia. Haipo. Nilikuwa nimeiacha juu ya meza ya ukumbini. Nikapanda tena, mlango wa juu nao unataka kadi. Simu ilikuwa kwenye koti, koti liko kwenye chumba chetu, chumba kiko ng'ambo ya mlango.

Niligonga. Nikaita. Nikagonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Ukuta wa mita nzima haupitishi sauti ya mtu, ndiyo kazi aliyopewa. Nikakaa kwenye ngazi. Dirisha lilikuwa moja, dogo, juu kuliko kichwa changu, na nilipojivuta kwa vidole niliona ua wa ndani na kipande cha mbingu ya kijivu, basi. Mbele ya miguu yangu lilikuwa lile jiwe lililolazwa kinyume. Siku zote lilikuwa likinichekesha. Siku hiyo nilitamani ningekuwa na nyundo.

Nilikaa pale nusu saa, au zaidi, sijui. Mawazo yalinijia moja baada ya jingine na hakuna lililonipa pa kutokea. Nikisema sikupaswa kumwamkia, namwona bibi yangu amesimama na mafuta ya taa. Nikisema nilifanya sawa, namwona yule kijana anarudi chini ya ardhi. Nililaani jumba, nikamlaani mwendesha mashtaka, nikarudi kujilaani mwenyewe. Unajua kilichoniuma zaidi? Kwamba chini yangu, pengine wakati ule ule, wanampitisha kwenye ile njia yao, na yeye milango anafunguliwa. Mimi ndiye niliyejifungia. Nililia kidogo, nakiri, mwanamume mzima na suti ya harusi.

Aliyenifungulia ni yule dereva wa basi mstaafu, ambaye aliiona kadi yangu mezani akajua. Akanipa koti langu.

Nje, kwenye ngazi za mbele, yule mama alikuwa amesimama peke yake na mfuko wake. Ningeweza kupita upande wa pili. Nilifikiria. Lakini alikwisha niona.

"Wewe ndiye uliyeniamkia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Miezi miwili naingia kwenye ofisi za hawa watu. Wananipa kiti, wananipa maji, wananipa karatasi. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniamkia." Akatabasamu. Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora kilichochanganyika na Kiganda. Alitoroka Uganda akiwa msichana, akalelewa Tabora na mama yake mkimbizi, kisha akaja huku, akapika kwenye jiko la shule mpaka magoti yakakataa. Alinieleza yote hayo kwa dakika tatu, kama mtu aliyekosa wa kuongea naye. Anakaa Fisksätra, nje ya mji. Kijana ni kitinda mimba wake. Ndani ya mfuko kulikuwa na shati jipya, bado lina pini, la kumvalisha atoke nalo. Alikuwa na hakika angetoka leo, na wakili naye alimpa matumaini. "Sasa niambie wewe, baba, maana mimi Kiswidi chao cha humu ndani kinanipita. Wameahirisha kwa nini? Nimesikia mmoja wa wakubwa kapata dharura."

Ningeweza kusema sijui. Lakini alikuwa mtu mzima, na alikuwa ameniuliza.

"Dharura ni mimi, mama."

"Wewe?"

"Nilipokuamkia. Wameona kama tunajuana. Wameniondoa, na mwingine hajapatikana."

Alinitazama usoni kuona kama natania, akatazama mlango mkubwa wa mawe nyuma yangu, akatazama mfuko.

"Kwa shikamoo?"

"Kwa shikamoo."

"Lo," akasema, polepole. "Ningejua, nisingeitikia."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema kama mtu anayejilaumu kwa kusahau ufunguo. Halafu akaenda kutafuta basi lake la kwenda kwenye treni ya Saltsjöbanan, na mimi nikarudi Farsta. Mke wangu hakuniita mheshimiwa jioni ile. Idi tulisali, tukala, na kila nilipoona kijana amevaa shati jipya nilitazama pembeni.

Wiki mbili baadaye nikaenda, kwa suruali ya kazi, nikakaa nyuma kwenye viti vya umma. Mtu yeyote ana haki ya kukaa pale. Jaji ni yule yule, dereva wa basi yupo, mzee mwingine yupo, na kwenye kiti changu amekaa mama mmoja mwenye mkufu. Yule mama wa Fisksätra akaingia na mfuko ule ule. Nikajikuta nanyanyuka. Hakunitazama. Aliinua kiganja kidogo tu, pale kiunoni, watu wasione: acha. Nikaketi, nikaimeza shikamoo yangu. Mwanawe alipoletwa hakumuuliza hata kama amekula. Alikaa wima, mdomo ameufunga, na nilijua anafanya vile kwa sababu yangu, kwamba nimemfundisha kuwa neno lolote la kwetu mle ndani linaweza kumponza mwanawe.

Nilisikiliza kesi yote. Hoja nzima ilikuwa koti. Aliyeibiwa simu alikuwa na hakika ya koti jeusi lenye kofia, na uso hakuuona vizuri. Kijana alikubali kwamba alikuwa darajani, na koti lake ni jeusi, na akasema aliyenyang'anya ni mwingine ambaye hamjui. Wanangu wawili wana koti kama lile. Nusu ya vijana wa Farsta wanalo. Naijua kazi yangu: kigae kimoja kikilingana rangi na kingine hakuna anayejua kimetoka boksi gani. Nilimtazama yule kijana akijibu, nikamsikiliza, nikapima, na saa sita mchana nilikwisha jua ningepiga kura gani. Simsemi kwamba ni malaika. Nasema sikuona ushahidi wa kumfunga mtu, na ningesema hivyo chumbani, hata kama mama yake ningekuwa sijawahi kumwona.

Wakaenda kushauriana, wakarudi. Jaji akasoma. Ana hatia. Mwaka mmoja na nusu gerezani. Kisha akaongeza, kama sheria inavyomtaka, kwamba mmoja wa wazee wa baraza ana maoni tofauti, angemwachia huru. Dereva wa basi alikuwa anatazama meza.

Basi nikahesabu. Kila mtu aliyeko pale na aliyefundishwa alihesabu. Tatu kwa moja. Ningekuwa nimekaa kwenye kile kiti, zingekuwa mbili kwa mbili, na mbili kwa mbili kijana anatoka kwa mlango wa mbele na shati jipya. Nilihisi kuta zile za mita nzima zimesogea. Mbele yangu wakili alikuwa ameinama kwa yule mama, anamweleza kwa Kiswidi chepesi, na nikaona anamwonyesha kwa vidole: vitatu na kimoja. Kisha, kwa sababu mama aliuliza, viwili na viwili.

Walinzi wakamwinua kijana. Kabla ya mlango wa pembeni aligeuka, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema kwa Kiswahili, kigumu, cha mtoto wa huku: "Mama, nitakula. Usijali." Wakashuka naye.

Nilimkuta yule mama kwenye ngazi za mbele, pale pale. Safari hii alikuwa ananingoja mimi.

"Sasa niamkie," akasema. "Hawana tena cha kuniharibia."

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliushika mfuko kwa mikono miwili.

"Kwanza nijibu. Ungekuwa kwenye kiti chako leo, ungesemaje?"

Alikuwa amezielewa hesabu za wakili. Nikimwambia ukweli, kwamba ningesimama na mwanawe, basi atalala na kuamka akijua kwamba amefungwa kwa maneno mawili ya salamu, na kwamba moja ya maneno hayo lilikuwa lake. Nisingejali kubeba langu. Lake singeweza kumbebesha. Nami sijawahi kumdanganya mtu mzima machoni, si kwa sababu mimi ni mwema, sikulelewa tu hivyo. Nilitafuta pa kupitia, sikupaona.

"Ningesema kama walivyosema wale wengi, mama," nikamjibu. "Ningesema ana hatia."

Alinitazama. Nikajilazimisha nisiinamishe macho, maana angejua. Kisha mabega yake yakashuka kidogo, na sikuweza kujua kama ni nafuu au ni chuki.

"Haya," akasema.

Akashuka ngazi, mfuko mkononi, akavuka barabara kuelekea kituo cha basi, na hakugeuka. Shikamoo yangu hakuiitikia.